Akipanda lifti, asiogope kukuambia

Mzazi, mwanao alirudije jana kutoka shuleni? Siulizi saa ngapi. Nauliza alirudije: kwa miguu, kwa bodaboda, au alipakiwa na gari lililokuwa likipita?

Swali hili nimewauliza wazazi kadhaa huku Karagwe na Kyerwa wiki hizi, na wengi walinijibu kwa saa. Huwa anafika saa kumi na moja, wanasema. Ukirudia kuuliza anafikaje, mtu anatulia kidogo, kisha anasema ni kwa miguu, ila siku nyingine hupata lifti.

Leo tuzungumzie hiyo "siku nyingine". Je, lifti ni salama? Wazazi wengi wana jibu fupi: si salama, na mtoto amekatazwa. Nawaelewa. Lakini mtoto anayetembea kilomita saba asubuhi na saba jioni, tena kwenye mvua ya Aprili, gari likisimama atapanda. Swali litakalotusaidia ni jingine. Akipanda atakuwa anajua nini, na akirudi nyumbani atakuwa na uhuru wa kukuambia?

Kwa nini lifti haiishi huku kwetu

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2011, Karagwe ikiwa wilaya moja. Mwaka uliofuata Kyerwa ikamegwa na kuwa wilaya yake, nikamalizia sekondari nikiwa mwanafunzi wa Kyerwa bila kuhama hata dawati. Wilaya zilibadilika, umbali haukubadilika.

Kata zetu ni kubwa na vijiji vimetawanyika vilimani. Tangu Januari 2016 Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne, watoto wengi wameingia sekondari, na ni jambo jema sana. Ila ada imefutwa, njia iko palepale. Mjini mwanafunzi hupanda daladala kwa Sh200 na kubishana na konda. Kwenye njia ya kutoka barabara kuu kwenda vijijini hakuna daladala wala konda. Kuna bodaboda, ambayo ukiilipia kwenda na kurudi kila siku ya shule, ni fedha ambayo kaya nyingi hazina, hasa miezi ya kabla ya kahawa kuuzwa.

Lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, imeleta magari mengi na mwendo mkali. Upande wa Kyerwa, barabara ya Omurushaka kupitia Nkwenda hadi Murongo, mpakani na Uganda, kwa miaka mingi tumeijua kwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Humo hupita Fuso za ndizi, malori ya kahawa, magari ya halmashauri, ya makanisa na ya miradi, na Noah zilizojaa hadi mlangoni. Dereva akimkuta mtoto mwenye sare anatembea peke yake jua likizama, kusimama ni utu. Ukimpita mtoto wa jirani bila kumpakia, habari itafika kijijini kabla yako.

Kwa hiyo tusiseme lifti ni utundu wa vijana. Ni sehemu ya usafiri wetu, kama kivuko au pikipiki, na kama usafiri wowote ina hatari zake ambazo mtoto anatakiwa kufundishwa.

Lifti tatu nilizopanda

Katika lifti nyingi nilizopanda, tatu nazikumbuka zaidi.

Ya kwanza ilikuwa nikiwa kidato cha pili, msimu wa kahawa. Lori lilisimama, tandiboi akatuambia wasichana watano tupande juu ya magunia. Tulishika kamba, tukaimba mteremko mzima, tukafika nyumbani mapema. Hakuna aliyetugusa wala kutusemesha vibaya. Dereva alikuwa mtu mwema kabisa.

Ya pili ilikuwa kidato cha tatu. Mfanyabiashara mmoja mwenye gari dogo safi, mtu aliyejulikana na kusalimiana na wazazi wetu, alinipakia mimi na rafiki yangu. Mara ya kwanza alitushusha mahali petu na kuondoka. Mara ya pili kulikuwa na soda na maandazi. Mara ya tatu aliuliza kama nina simu, nikamwambia sina, akasema simu si tatizo. Mara ya nne rafiki yangu alikuwa anaumwa, nikawa peke yangu. Akasema tupitie mahali dakika tano tu achukue mzigo, na akaanza kukata kona kuacha barabara kuu. Nikamwambia nashuka hapohapo, shangazi yangu anakaa nyumba ile. Sikuwa na shangazi pale. Alisimama, akanifungulia mlango, akaniambia, "Kumbe huna shukrani."

Ya tatu ni ya mwaka jana, nikiwa kazini. Nilikuwa natoka Murongo na usafiri wa mwisho ulishaondoka. Pikapu ya mzee mmoja na mkewe, iliyobeba miche ya kahawa, ikasimama. Kabla ya kupanda nilipiga picha ya namba ya gari na kumtumia dada yangu, nikiwa nimesimama mbele yao wanaona. Nilidhani watachukia. Mzee alicheka, akasema hata binti yake amemfundisha hivyo hivyo.

Nimezipanga hivi kwa sababu. Ukimuuliza mzazi ipi kati ya hizi inamtisha zaidi, atataja ya pili, au atatishwa na kwamba wale wa tatu sikuwafahamu. Ya kwanza wengi wataiita bahati nzuri. Lakini tangu nianze kuandika habari za afya na kuingia wodi za majeruhi, ile ya magunia ndiyo naiona ingeweza kutuua wote watano kwa dakika moja.

Hatari ya kwanza ni ajali

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, umri wa wanafunzi wetu na walimu wao wapya.

Shirika hilo hilo linasema mkanda wa kiti hupunguza hatari ya kufa kwa aliyekaa mbele kwa hadi nusu. Kofia ngumu ya pikipiki ikivaliwa vizuri na kufungwa hupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita, na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Sasa mtazame mtoto aliye juu ya magunia. Hana kiti, hana mkanda, hana ubavu wa gari wa kumzuia. Lori likifunga breki ghafla, gari linasimama lakini mwili wake unaendelea mbele kwa mwendo uleule. Nyuma ya pikapu iliyo wazi ni hivyo hivyo. Na mshikaki wa watoto watatu kwenye bodaboda moja, kofia ikiwa kichwani kwa dereva peke yake, hauwi salama kwa sababu dereva ni mjomba.

Mtoto hawezi kukagua breki za Fuso. Lakini anaweza kujua kama kuna nafasi ndani au anaambiwa apande juu ya mzigo. Anaweza kusikia harufu ya rubisi au gongo mdomoni mwa dereva wakati wa salamu. Anaweza kuona kama mwendo ni wa kasi mno, na kusema, "Nishushe hapa, nimefika." Sheria yetu inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa malori makubwa. Dereva anayepita sokoni huku watu wanaruka pembeni si wa kupanda naye, hata akiwa baba mdogo.

Hatari ya pili huwa na jina unalolijua

Tunapowaonya watoto kuhusu watu, tunawaonya kuhusu wasiowajua: dereva wa semi, mgeni wa mpakani, gari lenye namba za nchi nyingine. Onyo hilo lina historia. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini, mwaka 1983, na wazee wetu wamezika watu wengi. Hofu ya barabara na wasafiri imebaki.

Lakini asiyejulikana hupita mara moja. Anayepita kila siku saa tisa na nusu, wakati shule inatoka, ni wa hapahapa. Anamjua mtoto kwa jina, anakujua na wewe. Mzazi wa umri wa miaka 40 anakumbuka matangazo ya redio ya Fataki, yule mtu mzima mwenye fedha anayewinda wasichana wadogo. Jina lile lilishika hadi likawa neno la mtaani. Fataki si lazima atumie nguvu mwanzoni. Huanza kwa kutoa, na lifti ndiyo zawadi rahisi kuliko zote, kwa sababu alikuwa anakwenda huko huko.

Ndiyo maana sentensi ya yule mfanyabiashara sijaisahau. Tumewalea watoto wetu kushukuru wakubwa. Mtoto mwenye adabu aliyepakiwa mara nne, akanywa soda mara mbili, anahisi ana deni, na mkubwa anapoanza kudai, mtoto hana neno la kukataa ambalo halisikiki kama utovu wa adabu. Neno hilo tumpe sisi, tena kabla hajalihitaji. Mwambie: "Mtu akikupakia, asante yako inatosha. Haongezewi namba ya simu, haongezewi siri, haongezewi mwili wako. Akidai zaidi, wewe si mkosefu wa adabu, yeye ndiye mkosefu." Waambie na watoto wa kiume, kwa sababu nao hufanyiwa.

Sheria iko wazi pia. Kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wa mtu huyo ni ubakaji hata kama alikubali, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi naye anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mambo haya hayamalizwi kwa mbuzi na kikao cha wazee wa koo mbili.

Saa 72

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize zaidi.

Mtoto aliyeambiwa "nikisikia umepanda lifti nitakuua kwa fimbo" akikutwa na jambo baya ndani ya gari hatasema. Atafua sare yake usiku, ataenda shule, atanyamaza. Utajua baada ya miezi, tumbo likionekana, au baada ya miaka, kwa kipimo cha virusi vya Ukimwi.

Wakati huo dawa iliyokuwepo ilishapita muda wake. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa mtu aliyebakwa, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa kila siku kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku tano, navyo mapema ni bora. Kuna tiba ya magonjwa mengine ya zinaa, kuna kutibu majeraha, na kuna kuzungumza na mhudumu aliyefunzwa.

Ikitokea, mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali mara moja, siku hiyohiyo, hata usiku. Asioge kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe; zifunge kwenye karatasi au kitambaa kisafi, usiweke kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Polisi watatoa fomu namba tatu, ile tunayoiita PF3, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini kama polisi ni mbali na zahanati ni karibu, anza na afya. Fomu itafuata, saa haitarudi. Ukihitaji ushauri au kutoa taarifa, piga namba 116 ya huduma kwa mtoto, ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, basi akariri kama anavyokariri namba yako.

Hakuna lolote kati ya hayo linalowezekana kama mtoto anaogopa fimbo yako kuliko anavyomwogopa aliyemuumiza.

Ya kumfundisha

Haya yanatosha, na hata wa darasa la sita anayaelewa.

Panda mkiwa wawili au zaidi, na mshuke pamoja. Kaa ndani, kwenye kiti, ufunge mkanda kama upo. Kama nafasi ni juu ya mzigo, subiri lingine. Kaa karibu na mlango. Kabla ya kupanda, soma namba ya gari kwa sauti, mwenzako aisikie. Dereva mwema hatakasirika. Sema mwenyewe unakoshukia, usisubiri aamue. Gari likiacha njia, sema unashuka, na kama huna sababu, tunga: mama yuko pale, shangazi anakungoja, tumbo linauma unataka kutapika. Hakuna dereva anayetaka matapishi kwenye viti vyake. Zawadi usipokee. Na ukifika nyumbani, sema nani alikuleta.

Wewe mwenye gari

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mna pikipiki au gari, na mnapakia watoto kwa moyo mzuri. Endeleeni, ila kwa namna ambayo kila mtu anaiona. Pakia kundi. Washushe njiani mahali penye watu. Namba ya simu ya mwanafunzi usiombe. Ukitaka kuzungumza, zungumza na mzazi wake. Ukimpakia mtoto wa mtu leo, mpigie au mwambie mzazi ukimwona: "Nilimleta binti yako jana." Mwenye nia njema haoni uzito kusema hivyo. Na mzazi ukisikia kutoka kwa mtoto kwamba fulani amempakia mara tatu na hajawahi kukugusia, mtafute umshukuru. Mshukuru wewe, kwa jina, mbele ya watu, ili mtoto asibaki na deni. Mwema atafurahi, na asiye mwema atajua kwamba unajua.

Vijijini tunaweza kufanya zaidi. Kamati ya shule na mwenyekiti wa kitongoji wanaweza kukubaliana ni bodaboda gani wawili watatu wabebe wanafunzi, kwa bei ya mwezi, mmoja mmoja, kila mmoja na kofia yake. Wanaotoka njia moja watembee kundi moja, wakubwa na wadogo. Na wazazi mnaowapangia watoto mageto karibu na shule ili wasitembee, kumbukeni kwamba geto lisilo na mtu mzima nalo lina wageni wake.

Kuhusu wajawazito

Kuna lifti nyingine ambayo wengi tumezaliwa kwa ajili yake: mama mwenye uchungu, usiku, akitafutiwa gari lolote linalopita. Kwa hili sasa kuna njia bora. Mfumo wa m-mama hupokea simu bure kwa namba 115, na humtafutia mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa kama gari la wagonjwa halipo. Dereva huyo hulipwa na mfumo, si na familia. Iandikeni namba hiyo ukutani.

Leo jioni mwanao akifika, muulize alirudije. Akisema ni lifti, usimkatize na usipandishe sauti. Muulize ni nani, walikuwa wangapi, walizungumza nini njiani. Msikilize hadi amalize, halafu mpakulie chakula. Kesho atakuambia tena.